Mtoto wa Kuazima

Kinyozi wangu ndiye aliyeniambia, nami nikaamini mpaka kwenye uboho, kwamba watu wa Mombasa hawakupi mtoto, wanakuazima tu. Wanakukabidhi kichanga, unamlisha, unamvisha, unampeleka chuoni akasoma juzuu zake, na wewe mwenyewe unazeeka kwa gharama zako. Kisha siku jino lake la kwanza la utotoni linapong'oka, mtoto anaamka alfajiri peke yake, anavaa viatu, anakwenda bandarini kuuliza boti ya Mombasa. Ukimfungia mlango anapitia dirishani. Sababu yake, kwa mujibu wa kinyozi, ni kwamba kabla hawajakukabidhi, bibi yake humnong'oneza neno sikioni, na neno hilo hukaa humo kimya miaka yote kama saa iliyotegwa.

Nilimwuliza ushahidi. Akasema yuko mtu, upande wa pili wa mji, aliyelea binti wa Kimombasa, akaamka siku moja akakuta kitanda kitupu na juu ya mto jino moja. Sikumwuliza jina la mtu huyo. Wembe ulikuwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe shingoni habishani na mwenye kuushika.

Sasa msinidhanie mimi ni juha. Mimi nimemaliza kidato cha nne katika skuli ya usiku, nikiwa na ndevu na mke, umeme ukikatika mara kumi katika somo moja, na mbu wa darasa letu walikuwa wakubwa kiasi kwamba mwalimu akiita majina nao waliitika. Lakini elimu ya usiku ina kasoro moja: inakufundisha kwamba lolote lisemwalo gizani na mtu mwenye uhakika ni kweli. Na kinyozi alikuwa na uhakika kuliko mwalimu wa hesabu.

Wakati huo sisi, mimi na mke wangu, pale Unguja, tulikuwa tumeshaoana miaka mingi na mimba tatu hazikufika. Sitalisimulia hilo. Nitasema tu kwamba mimi ni fundi makochi, na katika mimba ya pili nilitengeneza kitanda cha mtoto kwa sponji nzito na kitambaa cha maua ya dhahabu, kikatoka kama kiti cha waziri mkuu. Kikakaa chumbani kitupu. Mke wangu alikuwa akikipangusa vumbi kila Ijumaa na hatukuwa tukilizungumza jambo hilo.

Ndipo ikaja simu kutoka Kibokoni, Mombasa. Mama mkubwa wa mke wangu, dada wa mamake, alikuwa amefiwa na binti yake, aliyejifungua mtoto wa kike na asiwahi kumwona akicheka. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori ya Shimanzi, yale yanayokwenda mpaka Kongo, mtu anayeonekana nyumbani kama mwezi wa kuandama. Bibi mwenyewe magoti yalikuwa yameshagoma. "Ndooni mumtwae," alisema kwenye simu. "Nami niko hai nione aendako."

Mke wangu alilia. Mimi nikamkumbuka kinyozi.

Karatasi zilichukua miezi, za kadhi na za ofisi ya watoto, kule na huku, mpaka mtoto akawa na miezi minane na mimi nikawa na mvi. Lakini karatasi hazikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa dada yangu.

Kwetu sisi, mtoto wa kulea hageuki wa kuzaa kwa muhuri. Jina la babake linabaki lake. Na akishakuwa msichana, mimi niliyemlea, niliyemfunga kamba za viatu, nakuwa mwanamume baki katika nyumba yangu mwenyewe: ajifunike mbele yangu, nipige hodi kama mgeni. Dawa yake ni moja, na ni ya kale kuliko ofisi zote. Anyonyeshwe na dada yangu, mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili. Hapo nakuwa mjomba wake wa kunyonya, na ataishi nami kichwa wazi mpaka nife. Dada yangu mdogo, Mungu amlipe, alikuwa na mwanawe wa kiume wa miezi sita, mnene kama gunia la mbata. Nilipomwomba alisema, "Kaka, maziwa haya ninayo ya kuendesha kiwanda. Lini tunaondoka?"

Basi tukaondoka, mimi, mke wangu, dada yangu na gunia lake. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Tanga, basi jingine mpaka mpakani. Kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nchini, nilivaa suti. Joto la Horohoro lilinipika ndani ya suti ile kama muhogo kwenye jani. Afisa wa upande wa pili akatazama paspoti, akamtazama mtoto wa dada yangu, akauliza wa nani. Nikajibu mimi, haraka mno, "Wa kwake, wallahi, kamzaa mwenyewe, nilikuwepo." Dada yangu alinikanyaga mguu. Jioni tukavuka Feri ya Likoni pamoja na watu wasiopungua milioni moja, wote wakikimbia, na upande wa kisiwani tukapanda kile tunachokiita bajaji na wenzetu wanakiita tuktuk. Dereva alituteremsha mwanzo wa kichochoro akasema ndani humo hata upepo huingia kwa ubavu.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, mlango wa nakshi, baraza ya mawe pande zote mbili, na chini yake duka la viungo. Mama mkubwa alitupokea amekaa, kwa ajili ya magoti, na maamkizi yake yalikuwa marefu kama hotuba ya Idi. Hali zenu. Hali za nyumbani. Wazee. Watoto wa majirani. Safari. Mvua. Nimepata kusikia kwamba Mombasa wanaamkiana vizuri, lakini yule bibi aliulizia afya ya watu wangu mpaka nikaanza kuwasahau. Nikajiuliza: mbona anataka kujua yote haya? Nani anamkusanyia habari?

Kisha akanitazama mimi.

"Muunguja ndiye huyu?"

"Ndiye, mama mkubwa," mke wangu akasema.

"Mbona ana mato ya mtu aliyepotelewa na mbuzi?"

Wanawake wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa kuwa ni mtu wa kucheka, lakini moyoni nikasema, kaanza.

Akaagiza mtoto aletwe. Sitaweza kumweleza vizuri na sitajaribu sana. Alikuwa mweusi wa kung'aa, ana nyusi za mtu mzima mwenye kesi, na aliponitazama alinyoosha mkono akashika tai yangu akaivuta mpaka nikainama mbele yake kama mtumishi. Mke wangu alifunika mdomo kwa mtandio. Na papo hapo, kabla sijainua kichwa, nikamwona bibi ameinama upande wa pili na midomo yake ipo kwenye sikio la mtoto. Ananong'ona.

Jasho lililonitoka hapo halikutoka hata Horohoro.

"Unamwambia nini, mama?" nikauliza, nikijitahidi sauti iwe ya kiungwana.

"Namwambia ni nani aliyekuja," akasema.

Baada ya chakula, na chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu na kachumbari ya kukutoa machozi ya toba, mama mkubwa alitoa sharti lake. Mtoto hatavuka Feri mpaka dada yangu amnyonyeshe mara tano za kushiba humu humu ndani, mbele ya macho yake.

"Hata nyumbani angenyonya, mama," nikasema.

"Nyumbani kwenu mimi sipo," akasema. "Hapa nitaona. Jambo la ziwa si la kuhadithiwa."

Mke wangu alikubali kwa kichwa. Nikakubali na mimi, lakini nilikuwa nimeshaanza kupima. Kwa nini atuzuie? Mtu mwenye nia ya kukupa kitu anakupa ukaondoka. Anayekuweka ni anayengojea kitu.

Na mtoto akakataa ziwa.

Alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili. Dada yangu akimweka kifuani, anageuza shingo, anaangalia mlangoni. Si kulia. Anaangalia mlangoni kama mtu aliyeahidiana na mwenzake. Gunia la mbata nalo lilikuwa likinyonya kwa sauti upande wa pili ili kumwonyesha mfano, lakini wapi. Mama mkubwa alisema, "Mpeni muda." Mimi nikasema moyoni: mpeni nani?

Sasa watu wa mtaa nao wakaja. Asubuhi mahamri na mbaazi kutoka nyumba hii, jioni viazi vya karai kutoka nyumba ile, halua kwenye kibahasha, kahawa chungu barazani. Hakuna aliyetuacha tukanunua hata chumvi. Mke wangu akasema, ama watu wa hapa wana ukarimu. Mimi nikasema, halua haitolewi bure duniani, mwenzangu, hata peponi unaipata kwa amali. Na kila aliyeleta alipanda ghorofani kumwona mtoto, kumbusu, kumwambia "wetu wewe". Wetu wewe! Nilihesabu "wetu" za siku moja nikachoka.

Nikateremka kwa mwenye duka la viungo. Alikuwa Muhindi Mwislamu, babu yake alizaliwa hapo hapo dukani baina ya gunia la bizari na la pilipili manga, na Kimvita chake kilikuwa kizito kuliko cha mama mkubwa. Nilijifanya nataka iliki.

"Nyinyi ndio mliokuja kumtwaa mtoto?" akaniuliza kabla sijasema lolote.

"Ndio sisi."

"Haya. Mungu awape kheri." Akamimina iliki kwenye mizani, akaondoa mbegu moja, akairudisha. "Lakini mjue, huyo mtoto ana wenyewe wengi hapa."

"Wenyewe vipi?"

"Wengi," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nilipanda ngazi na iliki yangu mkononi nikihisi kama mtu aliyeuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa watu saba.

Asubuhi iliyofuata, nikitoka kuswali alfajiri msikitini, nilimwona mwanamke mmoja. Aliingia mlango wa nyuma wa nyumba yetu, amefunika uso mzima, yaonekana macho tu, anakwenda haraka na bila hodi. Bila hodi, jamani. Nikajibanza barazani kama paka. Alikaa humo muda wa mtu kunywa chai mbili bila haraka, akatoka, na alipopita alikuwa akijifunga vizuri buibui yake kifuani.

Nikamwuliza mke wangu, ni nani?

"Jirani. Anamsaidia mama mkubwa kumwogesha mtoto."

"Alfajiri?"

"Mtoto anaamka alfajiri."

"Na uso amefunika kwa ajili ya maji ya kuogea?"

"Kafunika kwa ajili yako, mwanamume mzima unayelala ukumbini ukikoroma mpaka vyombo vinagongana. Wacha."

Sikuacha. Mchana wake ndipo dada yangu aliponivuta pembeni, penye mtungi wa maji, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, mtoto huyu hana njaa. Ameshiba. Mdomo wake una harufu ya ziwa la mtu. Maziwa ya kopo hayanuki hivi. Kuna anayemnyonyesha."

"Nani?"

"Mimi mgeni. Nitamwuliza nani?"

Pale kwenye mtungi yote yakajipanga. Mwanamke mwenye maziwa, anayeingia bila hodi, anayeficha uso, ambaye mtoto anamngojea kwa kuangalia mlango. Na sisi kaburi la marehemu hatukuliona, tuliambiwa tu. Nikaona yote kama sinema ya ukutani: mama wa mtoto hakufa. Yupo, anapumua, anakaa vichochoro viwili kutoka hapa, na sisi ni walezi wa kukodi. Tutamlea, tutamvisha, atang'oka jino.

Nilimwambia mke wangu. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, mpaka nikatamani anitukane.

"Unasema mama mkubwa ametudanganya kifo cha mwanawe," akasema mwisho.

"Nasema tuulize."

"Utauliza vipi? Hebu nifundishe, wewe uliyesoma. Unakwenda mbele ya mzazi aliyefiwa, unasema, samahani, una hakika?"

Skuli ya usiku haikutufundisha swali hilo. Basi hatukuuliza, na tangu hapo nilimwona mke wangu anaanza kumbeba mtoto kwa mikono iliyolegea, kama mtu anayebeba chombo cha watu. Alikuwa akimkumbatia, sasa alikuwa akimshikilia. Hilo liliniuma kuliko uongo wowote wa Kibokoni. Nikaapa kwamba kama tumeletwa hapa kuazimwa, bora niambiwe tukiwa bado upande huu wa Feri, kabla kitanda cha maua ya dhahabu hakijapata mwenyewe na kumpoteza.

Baba wa mtoto naye akaja. Alitoka Shimanzi moja kwa moja, shati lina dizeli, macho mekundu ya barabara. Alimshika mtoto mbali na shati lake, mikono imenyooka, kama anayeshika sahani ya moto. Alisema maneno machache.

"Jina langu lisibanduke."

"Halibanduki," nikamwambia. "Ni haki yake."

"Na nikipita, nimwone."

Nikipita! Lori gani linapita Unguja? Nikataka kumwuliza, lakini akatoa simu akaniambia nisimame penye mwanga, akanipiga picha ya mbele, akanipiga na ya ubavu, kama polisi wapigavyo wezi wa kuku. Akaitazama, akaridhika, akambusu mtoto kwenye unyayo, akaondoka. Mpaka leo sijui picha ile ya ubavu ya nini. Wakati ule nilijua: ni ya kunitafutia.

Siku ya pili yake mama mkubwa alizungumza na yule mwanamke ngazini. Nilikuwa ukumbini nashona mto wa kochi la bibi, kwa kuwa fundi akikaa bure anaumwa, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Sikuyasikia yote. Nilisikia, "Wacha kuja, mwanangu. Ukija hatawakubali." Kisha kilio cha chini chini, kile cha mtu aliyeuma nguo. Mama mkubwa akasema, "Nami naumwa. Nami naumwa kama wewe."

Sindano ilinichoma kidole na sikuhisi. Ni mwanamke gani analia hivyo kwa ajili ya mtoto wa jirani? Jirani yangu mimi akihama na watoto wake tisa nitachinja mbuzi.

Tangu hapo hakuja tena. Na siku hiyo hiyo, alasiri, mtoto alipiga kelele za kuamsha Mombasa nzima mpaka ng'ambo Likoni, akaangalia mlango, akaangalia, mlango haukufunguka. Kisha akamgeukia dada yangu na nyusi zake za kesi, akamtazama sana, na akashika ziwa kwa hasira kama anayempa adhabu. Akanyonya mpaka akalewa. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkabala, hakupepesa. "Moja," akasema. Mke wangu akatoka akaenda kusimama rosheni, na mimi nikamwona akijipangusa macho kwa mtandio.

Nne zilizobaki zilikwenda kwa siku mbili. Ya tano ilipokwisha, mama mkubwa aliomba dua ndefu, wanawake wakapiga vigelegele vya kiasi, kwa sababu ya msiba, na dada yangu akaniambia, "Haya, mjomba, binti yako huyo." Nilimpokea. Alinicheulia kwenye suti. Ningefurahi kwa moyo mzima kama moyo ungekuwa wangu mzima. Nusu yake ilikuwa vichochoroni inamtafuta mwanamke mwenye buibui.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari dakani, penye mlango wa kuingilia, na tuktuk imeshaitwa, mama mkubwa alichukua bakora yake akasema, "Muunguja, ndoo nami. Mtwae na mtoto."

"Wapi, mama?"

"Karibu tu."

Mke wangu akataka kufuata. Bibi akasema na aje, wote waje. Tukamfuata kwa mwendo wa magoti yake, kichochoro cha kwanza, cha pili, mimi nimemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika. Wazee wa barazani wakatusalimia mmoja mmoja kwa utaratibu kamili, na kila salamu niliiona kama kizuizi cha barabarani. Akasimama mbele ya mlango mmoja wa bluu, akabisha.

Alifungua yeye. Uso ulikuwa umefunikwa, lakini macho nisingeyakosea, yalikuwa yamevimba. Akarudi nyuma kwa heshima, akatukaribisha, na ukumbini, wamepangwa kwa kimo dhidi ya ukuta, walisimama wavulana wanne. Wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kanzu nyeupe zimepigwa pasi mpaka zinakata. Mkubwa alikuwa na ndevu za kubahatisha, mdogo anatambaa, amesimamishwa kwa kushikwa kwapa na kakake.

"Watizame," mama mkubwa akaniambia.

Nikawatazama. Nao wakanitazama, kisha wakamtazama mtoto, na mkubwa akamchezea kidole, na mtoto, ambaye kwangu mimi alikuwa hajacheka hata kidogo, akacheka.

"Huyu wa kwanza ana kovu la nyusi, alianguka ngazini. Lione. Huyu wa pili ana mkono wa kushoto, aandika nao. Huyu wa tatu kitwa chake kirefu kama cha babake. Watizame sana, wasikupotee usoni. Watakuwa wanaume hawa."

Watakuwa wanaume. Basi hao ndio watakaotumwa, nikasema. Hao ndio watakaokuja na boti. Jambo lililonijaa tangu wembe wa kinyozi likanitoka mdomoni, mbele ya watoto, mbele ya mke wangu, katika nyumba ya watu ambamo sikuwa nimekunywa hata maji.

"Bi mkubwa, nakuomba kwa Mungu. Kama mama yake ndiye huyu, na kama hawa ndio watakaokuja kumchukua akishang'oka jino, semeni sasa. Msituazime. Mke wangu huyu ameshapoteza watatu. Kumpoteza wa nne hawezi, nami siwezi. Tutamwacha hapa hapa na hatutawalaumu."

Mke wangu akasema, "Yarabi," akaukamata mkono wangu.

Mwanamke wa mlangoni akashusha kitambaa cha uso, labda kwa mshangao, labda ili nione. Alikuwa mtu mzima, ana mapengo mawili, hafanani na mtoto kwa lolote. Yule wa ndevu za kubahatisha akaanza kucheka, kakake akampiga kiwiko.

Nilidhani mama mkubwa atanipiga na bakora, na ningeona ni haki. Lakini alikaa taratibu kwenye kiti, akanyoosha goti, akaniambia kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni:

"Mama yake n'limzika mwenyewe. Siku hiyo hiyo mtoto alilia, na huyu jirani alikuwa na huyu mdogo ziwani, akamtia na wangu. Miezi minane amemnyonyesha. N'lidhani mwajua, mtaa mzima wajua, hata muuza viungo. Basi hawa wanne ni nduguze wa kunyonya, na watakaozaliwa pia. Kijana wa hapa akikosa kazi huvuka akaenda Unguja, na msichana akikua hutaka mume, na mimi sitakuwepo kusema hawa hawaoani. Ndiyo nakuonyesha. Hakuna ajaye kumtwaa, mwanangu. Sasa mtizame vizuri huyu mdogo, maana sura yake ndiyo ya kusahaulika."